Kizingiti cha Namba Kumi na Nne

Winifred Duckworth alikuwa na umri wa miaka sabini, magoti mabovu, na siri moja aliyoitunza tangu akiwa na miaka saba. Habari za magoti alimpa kila aliyesimama karibu naye dukani. Ile siri hakumpa mtu, na angekwenda nayo kaburini kimya kimya kama Rodney Fairbairn asingebisha hodi na kinasa sauti chake.

Huyu Fairbairn alikuwa Mwenyekiti wa Chama cha Kumbukumbu za Harrowclough. Kumbukumbu zenyewe hakuwa nazo, maana alihamia kwetu kutoka kusini miaka kumi na moja tu nyuma, baada ya kustaafu kazi ya kukagua shule. Lakini alizipenda kumbukumbu za wengine kwa kiherehere kisicho na kifani. Alikuwa akiwaendea wazee na kuwaeleza walivyoishi: eti walikuwa maskini lakini wenye furaha, eti milango haikufungwa. Winifred alimwambia siku ya kwanza kwamba milango haikufungwa kwa sababu hapakuwa na cha kuiba, na kwamba furaha yenyewe ilikuwa kupanga foleni ya choo cha uani mwezi wa Januari, umeshika vipande vya gazeti, huku jirani yako akiimba humo ndani. Fairbairn alicheka kwa adabu, akalifuta hilo kwenye kanda.

Alichokitaka hasa ni vizingiti. Zamani hizo, katika mtaa wetu wa Inkerman na mitaa yote iliyozunguka viwanda vya pamba, kila mwanamke alitoka asubuhi na ndoo, akapiga magoti barabarani mbele ya mlango wake, akasugua jiwe la kizingiti kwa kijiwe laini cha kusugulia mpaka likawa na rangi ya malai ya maziwa. Kijiwe hicho alikipata kwa mchuuzi wa matambara: unampa fulana iliyokwisha kazi, anakupa kijiwe. Mwanamke aliweza kuwalisha wanawe mkate na mafuta ya nguruwe, aliweza kumtwanga mumewe kwa chuma cha kuchokolea moto, na bado akaitwa mtu wa heshima, ilimradi kizingiti ni cheupe. Kikiwa cheusi alisemwa mpaka siku ya mazishi yake, na wengine waliendelea hata baada ya chai ya mazishi.

Na kizingiti kilichokuwa cheupe kuliko vyote mtaani kilikuwa cha namba kumi na nne, nyumba aliyozaliwa Winifred na ambamo anaishi hadi leo. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia aliwahi kuwaona wanaume kwa karibu. Kizingiti cha kwao kilikuwa na mstari mweupe pembeni, umenyooka sawasawa, kila siku, kana kwamba umepigwa rula. Wazee wote waliobaki waliukumbuka ule mstari, na wote walimtajia Fairbairn.

Basi Mwenyekiti akaja, akawasha kinasa sauti, akauliza kama ni kweli. Winifred akasema ni kweli, kizingiti chao hakikuwa na mpinzani. Fairbairn akainama, akalegeza sauti, akauliza kama mama yake alikisugua kila siku.

Winifred akanyamaza.

Alinyamaza kwa kuwa jibu lilikuwa ni hapana na alikuwa ameapa kutolisema. Lakini Fairbairn, ambaye maisha yake yote hajawahi kukutana na ukimya asioujaza mwenyewe, alidhani bibi wa watu amezidiwa na majonzi. Akampigapiga mkono, akazima mashine, akaenda zake. Wiki tatu baadaye barua ikaja. Chama kimeamua kutundika bamba la shaba ukutani mwa namba kumi na nne, limeshachongwa, na maneno yake ni haya: HAPA ALIISHI ETHEL DUCKWORTH, AMBAYE KWA MAGOTI YAKE ALILITUNZA JINA LA MTAA HUU. Meya angekuja. Na Bi Winifred aliombwa, kwa heshima zote, awaonyeshe wageni jinsi mama yake alivyokuwa akisugua.

Winifred alipoisoma aliketi jikoni, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikamkauka.

Ethel Duckworth hakupata kupiga magoti hata mbele ya Mungu. Kanisani wenzake wakipiga magoti, yeye aliegemea tu benchi la mbele. Alikuwa mfumaji, akisimamia mitambo minne kwa mpigo, na kelele za kiwandani zilikuwa kubwa kiasi kwamba wafumaji waliongea kwa midomo bila sauti. Hivyo aliweza kusoma umbeya ng'ambo ya barabara dirisha likiwa limefungwa. Alirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, akapandisha miguu kwenye kigoda, akawasha sigara, akaomba chai. Kuhusu kizingiti alikuwa na hoja moja tu: ni jiwe, na watu watalikanyaga. Kazi za nyumbani alizichukia kwa moyo wake wote na hakuona haya kusema hivyo. Sasa watu wanataka kumchongea shaba kwa lile jambo alilolidharau kuliko yote duniani.

Aliyesugua alikuwa baba yake.

Walter Duckworth alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, na kwetu fundi wa mitambo ni mtu mwenye kazi ya maana na jina la ujinga, maana vichekesho vyote vya mji huwahusu wao. Mwaka wa thelathini na mbili kiwanda chake kikafunga milango. Ethel akabaki na kazi, Walter akabaki na nyumba. Wanaume wenzake waliokosa kazi walisimama kona ya barabara, mikono mfukoni, wakitema mate kwa zamu. Walter naye alisimama nao mchana, akatema kama wao. Lakini kabla hakujapambazuka, kabla mgonga madirisha hajapita na fimbo yake ndefu kuwaamsha wafanyakazi, Walter alikuwa chini akifua, akipika uji, akisugua.

Winifred alimfuma siku moja alipoteremka kutafuta maji ya kunywa. Alikuta mlango wa mbele umefunguliwa nusu, na baba yake amepiga magoti ndani, kwenye gunia lililokunjwa, mwili mzima amejificha nyuma ya mlango na mikono tu imetoka nje. Anasugua kutoka ndani, bila kutazama, anapapasa. Kisha akatoa rula yake ya chuma ya kiwandani, akailaza ukingoni, akapiga mstari. Alipogeuka na kumwona mtoto, uso ukamgeuka rangi.

Hakumgombeza. Alimketisha ngazini, akamwomba aape. Alimwambia mwanamume akionekana kwenye kizingiti hapati tena pa kusimama katika mji huu, si baa, si kanisani, si kona ya barabara. Winifred akaapa kwa Biblia na kwa paka. Walter alifanya hivyo miaka mitatu mpaka kazi iliporudi, na alikufa mwaka wa hamsini na tisa akiwa mtu anayeheshimiwa, anayeitwa mjinga kwa wema tu kama mafundi wote.

Sasa hapo ndipo palipomkaba Winifred. Akinyamaza, shaba itapigwa misumari ukutani, na miaka mitatu ya baba yake itafutika milele, isibaki hata kwenye kichwa cha mtu, maana kichwa kilichobaki ni chake, nacho kina miaka sabini. Akisema, amevunja kiapo na kumvua Walter nguo mbele ya meya. Alikonda kwa wiki mbili. Alijaribu hata ujanja: akamwendea Fairbairn, akamwomba aandike tu "ukoo wa Duckworth", asimtaje mtu. Fairbairn akatabasamu kama kasisi, akamwambia unyenyekevu huu ndio hasa unaopotea siku hizi. Winifred alitamani kumpiga na mwavuli, na mwavuli alikuwa nao.

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa Juni, saa nne asubuhi. Mtaa ulijaa. Bendi ya matarumbeta ilipiga kitu ambacho wengi walikubaliana kwamba ni wimbo. Meya alivaa mkufu wake. Mpiga picha wa gazeti alipanda juu ya kiti cha jikoni cha mtu. Bamba lilikuwa tayari ukutani, limefunikwa kitambaa cha meza. Ng'ambo ya barabara, mbele ya namba kumi na moja, alikuwepo Nellie Pickup kwenye kiti chake cha magurudumu, mwenye miaka themanini na sita, blanketi mapajani na kichupa chini ya blanketi. Alihamia mtaani akiwa bibi harusi na hajahama tena. Alikuwa amezika mume, ndugu wanne na madaktari watatu waliomkataza kunywa.

Fairbairn alihutubia. Alisema juu ya mama zetu, na mikono ya mama zetu, na magoti ya mama zetu, mpaka mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama kuna viungo vingine vinavyofuata. Kisha akamwita Bi Winifred.

Winifred akatoka na ndoo. Kijiwe alikuwa nacho, kimoja na nusu vilivyobaki kabatini chini ya ngazi tangu enzi hizo. Aliwatazama watu wale wote, akatazama kile kitambaa cha meza, na bado hakujua atafanya nini. Akalowesha jiwe. Halafu, bila kufikiri, akarudi ndani, akalaza gunia sakafuni, akauvuta mlango nusu, akapiga magoti nyuma yake, akatoa mikono miwili nje, akaanza kusugua.

Kwa kizingiti kile hakujua njia nyingine. Ile ndiyo aliyofundishwa na macho yake, na maishani mwake hakuwahi kuhitaji nyingine, kwani tangu miaka ya sitini kila mtu mtaani alipaka vizingiti rangi nyekundu ya kopo na kuishukuru sayansi.

Watu wakatazamana. Kilichoonekana ni mlango wa kijani na mikono ya kikongwe iliyochomoza chini kama ya mtu anayetaka kutoroka. Mpiga picha akateremsha kamera. Fairbairn akasogea, akainama, akazungumza na ule ufa wa mlango.

"Bi Winifred, samahani, nadhani umekosea upande. Akina mama walipiga magoti huku nje. Tungependa kuuona uso."

Mle ndani Winifred akasimamisha mikono. Ndipo alipotambua alichofanya. Akaona kabisa kwamba baba yake amefumwa kwa mara ya pili, na safari hii pamoja na bendi.

Kutoka ng'ambo ikasikika sauti ya Nellie Pickup, ambayo hata kiwandani isingehitaji kusomwa kwenye midomo.

"Mwache. Hivyo ndivyo kilivyosuguliwa."

Fairbairn akageuka, akaanza kueleza kwamba utafiti wa Chama unaonyesha vinginevyo. Nellie akamwambia afunge mdomo, mtoto mzuri, na amsukume avuke barabara. Mwenyekiti, ambaye hakuzoea kuitwa mtoto, alimsukuma. Kiti chake kikasimamishwa mbele ya mlango wa kijani, Nellie akaitazama ile mikono.

"Ethel hakukigusa kizingiti hiki hata siku moja," akasema. "Alikuwa ni Walter. Nilikuwa nakaa pale dirishani, bibi harusi wa wiki mbili, naona mikono miwili inatoka mlangoni, ina manyoya mpaka kwenye vidole. Ethel alikuwa na mambo yake mengi, lakini manyoya hakuwa nayo. Walau si mikononi."

Meya alikohoa. Winifred akauvuta mlango ukafunguka wote, akabaki vilevile kwenye magoti, uso umelowa na hajui kama ni maji ya ndoo.

"Bi Nellie," akasema, "mlijua?"

"Wanawake wote tulijua, mwanangu. Mama mkwe wangu alimwendea yule mgonga madirisha, Amos Grimshaw, akamwambia aanzie mwisho wa chini wa mtaa, ili hapa apafikie mwisho kabisa. Amos akauliza kwa nini. Akaambiwa akiuliza tena ataila hiyo fimbo yake. Na sisi wengine hatukutoka na ndoo mpaka baba yako amefunga mlango."

"Na waume zenu?"

"Hao ndio hatukuwaambia kabisa. Wangemfanya wimbo baa kabla ya saa sita." Nellie akavuta blanketi, na sauti ikapungua kidogo. "Lakini ngoja nikwambie lililoniuma. Miaka mitatu, Winnie. Kila siku ya Mungu, marehemu mume wangu anasimama pale mlangoni na chai yake, ananiambia: mtazame Ethel, yuko kiwandani kutwa, na kizingiti chake kina mstari ulionyooka, wewe uko hapa mchana kutwa, na wako umepinda kama mguu wa mbwa. Na kila mke mtaa huu aliambiwa hivyohivyo na wake. Jibu tulikuwa nalo mdomoni. Tukalimeza na uji."

Hakuna aliyecheka hapo. Wale vikongwe wengine wawili watatu waliokuwa kwenye kundi walitazama viatu vyao, na mmoja, Bi Alma Sagar wa namba ishirini, akaitikia kwa kichwa.

Winifred alihisi kifua kikimfunguka na kumuuma kwa pamoja. Miaka sitini na tatu alikuwa amesimama peke yake mlangoni kumlinda baba yake, kumbe mtaa mzima ulikuwa umesimama naye, tena kwa gharama kubwa kuliko yake. Alilia waziwazi, kwa sauti, bila kujificha, na akajifuta kwa kitambaa alichokuwa akifutia kizingiti, kilichomwachia uso wenye madoa meupe. Kisha akamwambia meya, na si Fairbairn, kwamba aliyesugua hapa alikuwa baba yake, Walter Duckworth, fundi wa mitambo, na kwamba mama yake angewamwagia wote ndoo ya maji kwa kumsingizia.

Halafu akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa rula ya chuma, akailaza ukingoni mwa jiwe, akapiga mstari.

Fairbairn maskini alibaki akishika pembe ya kitambaa cha meza, hajui afunue au asifunue. Akauliza kwa sauti ndogo bamba alifanye nini. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu chai ilikuwa ndani, na keki za zabibu kavu, na watu walikuwa wameanza kusogea. Yeye, kwa kuwa ni Mwenyekiti, akatangulia, akainua mguu kukivuka kizingiti.

"Usikanyage," wakasema Winifred, Nellie na Bi Alma kwa pamoja.

Kwa hiyo Mwenyekiti wa Chama cha Kumbukumbu, meya na mkufu wake, na nusu ya bendi, wakazunguka kwa uchochoro wa nyuma, wakipita kwenye mapipa ya taka na kuruka dimbwi, mpaka mlango wa jikoni. Ndiko watu wote walikokuwa wakipita zamani asubuhi, jiwe likikauka. Hilo Fairbairn hakuwa ameliandika popote.

Lile bamba la Ethel Winifred hakulitupa. Alilipigilia misumari ndani ya choo cha zamani cha uani, mahali pekee nyumbani ambapo mama yake alikaa muda mrefu kwa hiari, na gazeti. La Walter lilikuja mwezi wa Oktoba. Fairbairn alileta ukurasa mzima wa maneno, Winifred akamkatia mpaka yakabaki jina na "Alisugua hapa."

Nellie Pickup alifariki Februari, kitandani, kichupa kikiwa tupu. Asubuhi ya mazishi, kabla gari halijafika, Winifred alivuka barabara na ndoo yake na kile kijiwe nusu kilichobaki. Mapazia yalikuwa wazi mtaa mzima na watu walikuwa wakipita kwenda kazini. Alikunja gunia, akapiga magoti huku nje barabarani, kwenye baridi ile, magoti yakilia, akakwangua rangi nyekundu ya kopo, akakisugua kizingiti cha namba kumi na moja mpaka kikawa cheupe. Fairbairn alikuwa amesimama kando na suti yake nyeusi, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu hakusema kitu. Winifred alipofika kwenye mstari, mkono ulikwenda mfukoni, ukaitoa rula, ukairudisha. Akauchora kwa mkono mtupu, ukapinda kama mguu wa mbwa.